Maradhi yanayosaidiana hayatibiwi mojamoja

Tumezoea kuyagawa maradhi: Ukimwi una mradi wake, kifua kikuu kina chake, na teja anaachiwa polisi. Mimi naona mgawanyo huo una kasoro. Miaka ya 1990 Merrill Singer, mtaalamu wa Kimarekani aliyefanya utafiti Hartford kwenye mitaa ya maskini wenye asili ya Puerto Rico, alieleza kuwa dawa za kulevya, ukatili na Ukimwi hayakuwa majanga matatu yaliyokutana kwa bahati mbaya. Kila moja lililikuza jingine, na ufukara ukiyakuza yote.

Na hapa Dar es Salaam je? Sindano ya heroini ikichangiwa hupitisha virusi. Virusi huidhoofisha kinga, na kifua kikuu kilicholala mwilini huamka. Sasa ukimpa huyo vidonge vya TB tu kisha arudi kijiweni, umetibu nini?

Kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 ilileta njia nyingine. Anayefika kila siku kunywa dawa hupatikana pia kupimwa VVU na kifua kikuu. Lakini kliniki haimpi kazi wala pa kulala. Nauliza kamati za misikiti yetu: katika fungu la mafukara, kijana huyu yumo?