Taa za Nyumba ya Kupanga: Anza na Kazi, Urembo Ufuate

Maduka ya stima ya Luthuli Avenue, Nairobi, huwasha bidhaa zao zote kwa pamoja, hata mchana. Kuna taa za vioo vinavyoning'inia tabaka kwa tabaka, duara za LED zinazobadilisha rangi kwa rimoti, na taa ndefu za kusimama kando ya kochi. Kila moja inapendeza, kwa sababu dukani dari iko juu, ukuta ni mweupe na stima inalipwa na mwenye duka. Ukifika nayo Kayole, Umoja au Pipeline, yote matatu yanageuka. Dari ni slabu iliyo karibu na kichwa cha anayelala juu ya dabo deka. Ukuta umepakwa rangi nzito ya mafuta, kahawia au kijivu, kutoka sakafuni hadi kiunoni, na rangi hiyo inameza mwangaza. Tokeni nazo unanunua wewe.

Kwa hivyo kabla ya bei na umbo, jiulize nani atakaa chini ya taa hiyo, na atakuwa anafanya nini.

Tazama chumba cha futi kumi kwa kumi, kile ambamo familia nyingi za Eastlands huanzia maisha. Holda ni moja, katikati ya dari. Pazia limegawa chumba, kitanda huku, kochi na meza kule. Mama amesimama mbele ya meko anakatakata sukuma, balbu iko nyuma yake, na kivuli chake mwenyewe kimeangukia ubao na kisu. Upande wa pili wa pazia, mwanafunzi wa gredi ya nane anasoma kitandani kwa tochi ya simu. Ukitoa balbu hiyo ukaweka taa ya vioo mia, mama ataendelea kukatia kivulini na mwanafunzi ataendelea na simu yake. Kinachokosekana hapo ni taa mbili ndogo: moja ya kubana kwenye rafu, imulike kutoka mbele ya mpishi, na nyingine pembeni mwa kitanda. Anayeandika kwa mkono wa kulia aiweke kushoto, mkono usije ukaziba maneno.

Mimi pesa ningezielekeza huko kwanza, taa ya dari ikapata kinachobaki. Wengi hufanya kinyume, labda kwa sababu taa ya dari ndiyo mgeni huiona akiingia.

Mazoea ya kununua balbu kwa wati nayo yametupotosha. Wati ni stima inayoliwa. Mwangaza huhesabiwa kwa lumeni, na idadi yake huandikwa kwenye boksi. Balbu ya zamani ya wati 60, ile inayochoma kidole, ilitoa lumeni kama 800, na LED ya wati 9 hutoa kiasi kicho hicho. Iwashe ile ya zamani saa tano kila usiku, na mwezi ukiisha itakuwa imekula yuniti 9. LED itakuwa imekula yuniti 1.35. Kwa nyumba inayojibana isipite yuniti 30 kwa mwezi ili ibaki kwenye kiwango cha chini cha bei ya Kenya Power, hiyo si tofauti ya kupuuzwa. Kwenye ploti zenye mita ndogo, ambako bei ya yuniti hutajwa na mwenye nyumba, hesabu kila balbu vizuri. Na ukivutiwa na taa ya vioo yenye balbu nane za wati 5, kumbuka hizo ni wati 40 za kumulikia kochi moja.

Rangi ya mwanga ndiyo hubadilisha sura ya nyumba kuliko umbo la taa. Boksi huandikwa 2700K au 3000K kwa mwanga wa manjano, 4000K kwa ule wa kati, 6500K kwa mweupe unaokaribia ubuluu. Huku kwetu 6500K imeenea kila mahali kwa sababu dukani huonekana kali zaidi. Jikoni na mezani pa homework inafaa. Sebuleni usiku hufanya kochi zuri lionekane la hospitali, na uso wa mgeni unaonekana mgonjwa. Kwenye magorofa ya Pipeline, ambako dirisha hutazamana na ukuta wa jirani na taa huwaka hata saa sita mchana, 4000K ndiyo ya wastani inayovumilika kutwa nzima.

Urembo utautoa kwenye kifuniko. Kiondo kidogo kutoka Kariakor, kikigeuzwa na kutobolewa katikati, ni kifuniko kinachopita vingi vya dukani, mradi balbu ya ndani ni LED. Ile ya zamani inachoma sisali. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji nao watakukatia cha bati ukiwapelekea kipimo. Waambie wapake rangi nyeupe upande wa ndani, mwanga urudi chini. Vya kitambaa ni vizuri kwa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo vumbi la kiangazi na mvuke wa mafuta ya kupikia hushikana humo, na hakuna namna ya kuvisugua. Penye meko chumbani, nunua kinachofutika kwa kitambaa chenye maji.

Taa ya kuning'inia hufaa pale tu ambapo hakuna anayepita chini yake, yaani juu ya meza. Mikanda ya LED ya kubandika ukutani, inayopendwa na vijana wa bedsita, ni ya sherehe. Kitabu hakisomeki chini ya zambarau, na gundi yake ikibanduliwa huondoka na rangi ya ukuta, kisha gharama yake inakatwa kwenye dipoziti. Ibandike nyuma ya kabati au ya TV.

Ukikuta taa nzuri ya mtumba yenye pini mbili bapa, jua huenda ilitengenezewa volti 120 za Marekani, na hapa tunatumia 240. Kama ni holda tupu, fundi anaweza kubadilisha waya na plagi. Ikiwa ina LED za ndani au dima, iache pale pale.

Halafu kuna stima kupotea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA, lakini mpangaji wa Dandora hahitaji kukumbushwa tarehe. Balbu ya kuchaji, inayojiwasha yenyewe stima ikikatika, iwekwe mahali penye hatari zaidi: jikoni au kwenye ngazi za ndani za zile nyumba za Buruburu. Stima ikirudi huweza kurudi na nguvu ya ghafla, na balbu za bei ya kutupa ndizo hufa kwanza.

Dukani, usilipe kabla balbu haijawashwa mbele yako. Elekeza kamera ya simu kwenye mwanga. Ukiona mistari myeusi ikipita kwenye skrini, taa hiyo inapepesa, na msomaji wake anaweza kuumwa kichwa bila kujua sababu. Tafuta alama ya KEBS. Hakikisha pia unajua holda yako, kama ni ya kuchomeka na kuzungusha kidogo (B22), ambayo ndiyo nyingi kwetu, au ya skrubu (E27), maana taa nyingi za kuagizwa huja na skrubu.

Kubadilisha balbu si kazi ya fundi. Kuongeza waya au kuning'iniza taa nzito ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, hasa kwenye nyumba za Kaloleni za miaka ya 1940 au nyingine kongwe ambazo waya zake hazijulikani umri. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa ujumbe wa simu ili kuwe na ushahidi. Holda ya zamani ifungie kwenye karatasi, uiweke juu ya kabati. Siku ya kuhama utairudisha darini, ukague inawaka, na taa yako uondoke nayo.