Ametulia, au Ana Sonona?
Kijitabu kwa kaya zinazomuuguza mgonjwa wa kiharusi, Kihonda, Morogoro

Asubuhi mnamtoa barazani, anakaa akielekea milima ya Uluguru. Uji anaunywa vijiko viwili, basi. Mjukuu akimwamkia, anaitikia kwa kichwa. Majirani wakiuliza hali, mnajibu: "Ametulia, tunamshukuru Mungu."

Tunawaomba mlichunguze hilo neno, ametulia. Katika kila watu watatu walionusurika kiharusi, takribani mmoja hupata sonona. Ni ugonjwa, hadeki, wala imani yake haijapungua. Kiharusi huujeruhi ubongo wenyewe, kisha huja mkono usioinuka, kazi iliyokoma, na aibu ya mtu mzima kuogeshwa na mwanawe. Mwenye sonona huacha mazoezi, huacha hata dawa za presha.

Kati ya 1992 na 1995 watafiti walifuatilia vifo Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Katika vifo 7,629 vya watu wazima, 421 vilitokana na kiharusi. Hao ni waliofariki. Sisi tunawasemea waliobaki.

Maswali mawili

Zimeni redio. Aulize mtu anayemwamini, wakiwa wawili tu:

"Babu, wiki mbili hizi, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo?"

"Ni mara ngapi umekuwa na huzuni, au kukata tamaa?"

Kwa kila swali: hakuna hata siku moja, alama 0; siku kadhaa, alama 1; zaidi ya nusu ya siku hizo, alama 2; karibu kila siku, alama 3. Jumla ikifika 3, mpelekeni kituo cha afya. Huko ataulizwa maswali tisa, ambayo kwa Kiswahili yamejaribiwa Kenya na Tanzania. Akifikisha alama 10 kati ya 27, atachunguzwa zaidi. Ikiwa chini ya 3 na bado mna wasiwasi, nendeni vilevile.

Aliyepoteza usemi msimjibie. Abinye mkono wenu kusema ndiyo. Tazameni kama anageukia ukutani, hali, halali, anakataa kunyooshwa viungo. Wapo wanaolia au kucheka ghafla bila sababu, kisha wananyamaza. Hilo nalo hutoka kwenye ubongo na huenda lisiwe sonona. Mwelezeni mhudumu.

Muulizeni pia kama anaona heri afe. Wengi huogopa kumtia wazo hilo. Kuuliza hakumtii wazo. Humpa nafasi ya kulisema. Akikubali, asiachwe peke yake, ondoeni sumu ya panya na dawa zote karibu naye, na siku hiyohiyo afikishwe hospitali.

Sonona hutibika, kwa ushauri nasaha na kwa dawa. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, kwa hiyo asiziache wiki ya kwanza akisema hazimsaidii. Maombi yaendelee, na kliniki iendelee.

Nawe unayemgeuza usiku asipate vidonda vya mgongo, ukifika naye kituoni omba uulizwe maswali hayohayo.