Msitu wa Amani na Mgeni Wake

Mwanafunzi apandaye kutoka Muheza kwenda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, huanza safari katika joto la mashamba ya mkonge na michungwa, akaimaliza katika ukungu, kwenye kimo cha mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Akiutazama msitu uliomzunguka, huenda akasema kwamba wote ni wa kale na wa asili. Kauli hiyo ni kweli nusu tu.

Tuanze na iliyo kweli. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hii, hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata nyakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, bahari iliendelea kuleta unyevu, na msitu ukadumu hapa, umetengana na misitu ya Kongo kwa mamilioni ya miaka. Viumbe vilivyotengwa namna hiyo hubadilika kwa njia yao wenyewe, kama vya kisiwani. Ndiyo sababu Milima ya Tao la Mashariki, ianziayo Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo, wakiwamo vyura na vinyonga. Mkanyi, wenye mbegu za mafuta, ni miongoni mwao. Kuna pia mmea mdogo wa maua ya urujuani, ambao mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka Ulaya katika miaka ya 1890. Leo hukuzwa katika vyungu madirishani, na wengi wanaoumwagilia maji hawajui kwamba kwao ni Tanga.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo Amani kituo cha utafiti wa kilimo na baiolojia, wakajaribu miti ya kila aina. Mmoja wa miti iliyoletwa Usambara enzi hizo ni Maesopsis eminii. Huu si mti wa ng'ambo: huota kwa asili hata Bukoba. Lakini mimea haijui mipaka ya nchi. Kwa msitu uliotengwa muda mrefu, atokaye Bukoba ni mgeni sawa na atokaye Brazili.

Mti huu hukua haraka, ila miche yake hudai mwanga. Hondohondo hula matunda yake na kuangusha mbegu mbali na mti mama. Katika msitu uliofunga kivuli, mbegu hizo hazifiki mbali kimaisha. Ukataji wa mbao, uliosimamishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, ndio uliozifungulia nafasi. Kilimo cha iliki nacho kilichangia: wakulima walifyeka miti midogo na kuacha mikubwa iwe kivuli, hivyo mzee alipoanguka hapakuwa na kijana wa kushika mahali pake. Akashika mgeni.

Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye zaidi ya hekta 8,000, katika milima itokamo mto Zigi unaowapa maji watu wa mji wa Tanga. Shoka lilizuiwa, lakini ndege hazuiliki. Wala kuikata miti hiyo yote kwa mara moja si dawa, kwa maana kila unaoangushwa hufungua mwanga mpya kwa miche yake yenyewe.

Walimu watakaowapeleka wanafunzi Amani, au katika msitu wowote ulio karibu na shule, wafanye nao zoezi hili. Pimeni mraba wa mita 20 kwa 20. Hesabuni miti mikubwa kwa aina zake, kisha miche isiyofika kimo cha goti, mkaziandike hesabu hizo mbili katika jedwali. Ikiwa aina fulani ina wazee wengi na haina miche, chunguzeni kilichopungua: ni mwanga, ni mbegu, au ni mnyama aliyekuwa akizisambaza? Msing'oe mche, jani lililoanguka latosha kuutambua mti.