KENGELE TATU ZA MSAFIRI WA MIGUU



Kijana akisimama mbele ya wazazi wake na kusema, "Nataka kwenda kwa miguu, peke yangu, kutoka Lushoto mpaka Mtae," nyumba nzima huingia mashaka. Mama huogopa msitu na giza. Baba huuliza, "Magari yapo, ya nini kujitaabisha?" Naye kijana huona kwamba haaminiwi. Mara nyingi maneno hayo huishia katika ugomvi, au kijana huondoka alfajiri bila kuaga. Na hilo la pili ndilo baya zaidi. Leo twapenda kuwasaidia wazazi na vijana walizungumze jambo hili kwa akili, pasipo woga wala majivuno.

Kwanza tuijue njia yenyewe. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, katika milima ya Usambara ya Magharibi. Mtae uko ukingoni mwa milima hiyo, mahali ambapo mtu hutazama chini akaona nyika ya Mkomazi imetandazwa kama mkeka. Njia hupita Magamba, Lukozi na Rangwi, na watembeao kwa miguu wamezoea kuigawa kwa siku tatu. Si jangwa hilo: kuna mashamba ya viazi na kabichi, kuna nyumba na watu. Lakini kuna pia msitu, miteremko mikali, ukungu, baridi ya Juni na Julai, na utelezi wa masika tangu Machi hadi Mei. Walakini adui mkubwa wa msafiri aliye peke yake ni saa. Nchini mwetu giza huingia upesi, na anayepotea saa 11 jioni hana muda wa kuitafuta njia.

Basi, Mama Kanisa ametufundisha kuigawa siku kwa sala ya Malaika wa Bwana: asubuhi, adhuhuri na jioni. Kengele hizo tatu zamfaa sana msafiri, maana asiye na mwenzi wa kumwambia "tuondoke" au "tupumzike" yampasa awe na utaratibu wa kumwongoza.

Kengele ya kwanza, saa 12 asubuhi, ni ya kuondoka. Mzigo uwe umefungwa tangu jana yake, wala usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 12. Ndani yake ziwemo nguo kavu za kulalia, sweta, koti la mvua, soksi za akiba, tochi, sabuni, kitambaa safi cha kufungia jeraha, na fedha ndogo ndogo, kwa kuwa mama auzaye ndizi njiani hana chenji ya noti kubwa. Maji ni karibu nusu lita kwa kila saa ya mwendo. Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa majuma kadhaa. Kiatu kipya huzaa malengelenge siku ya kwanza, na siku ya pili safari imekwisha.

Kwa nini kuondoka mapema hivyo? Tupige hesabu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembea milimani wangali wakiitumia: saa 1 kwa kila kilomita 5, tena uongeze saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Toka Mombo, chini ya milima, hadi Lushoto ni kama kilomita 33 kwa barabara, na kupanda kwake ni karibu mita 1,000. Hesabu hutoa zaidi kidogo ya saa 8 za mwendo mtupu. Ongeza saa 2 za kupumzika. Aliyeondoka saa 12 asubuhi hufika yapata saa 10 jioni, jua lingali juu. Aliyechelewa kitandani akaondoka saa 3, hufika saa 1 usiku, akipapasa gizani. Njia ni ile ile na miguu ni ile ile. Kilichowatenga ni saa 3 za usingizi.

Kengele ya pili, saa 6 mchana, ni ya kusimama. Msafiri akae kivulini, ale, avue viatu na kutazama nyayo zake. Palipoanza kuwa pekundu apafunike kwa kitambaa mara moja, asingoje mpaka pavimbe. Hapo pia ajiulize kwa unyofu: je, nusu ya njia imekwisha? Kama haijaisha, aamue sasa kulala karibu zaidi. Kubadili shauri mchana si aibu. Kuuliza njia nako si ujinga, ila auliwe asiyeuliza kwa kiburi chake, maana mlima haumjui mwenye kiburi.

Kengele ya tatu, saa 12 jioni, imkute chini ya paa. Huko Rangwi ipo nyumba ya masista iliyozoea kupokea wapita njia. Penginepo zipo nyumba za wageni. Mahali pasipo na hizo, msafiri ajitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji kabla jua halijatua, asijifiche porini. Afue soksi, atayarishe mzigo wa kesho, kisha apeleke habari nyumbani: amelala wapi, kesho anakwenda wapi, kwa njia gani. Simu hukosa mawasiliano mabondeni. Kwa hiyo yafaa mapatano yafanywe mapema, kwamba habari isipofika kufikia saa fulani, nyumbani waanze kuulizia. Mapatano hayo humwondolea mama nusu ya hofu yake.

Huenda kijana akasema, "Hayo yote yanifanya nisiwe peke yangu." Twamjibu, ndivyo. Mwaka 1848 mmisionari wa Kiprotestanti, Johann Ludwig Krapf, alifika Vuga kwa Mfalme Kimweri ye Nyumbai, akitokea Mombasa. Alikuja na kiongozi na wapagazi, akapokelewa na wenyeji. Na katika Maandiko, mzee Tobiti alipomtuma mwanawe Tobia safari ya mbali, alimwagiza kutafuta mtu wa kufuatana naye. Wala hawakujua kwamba aliyepatikana ni Malaika Rafaeli. Atembeaye peke yake leo hana Azaria wa kutembea ubavuni pake, lakini anao wengi: aliyemwonyesha njia panda, aliyempa maji, aliyemfungulia mlango, na anayekesha nyumbani akingoja habari zake.

Hapa twageuka kwa jamaa zenye nyumba kando ya njia. Kumpokea mgeni ni mojawapo ya matendo ya huruma, nasi twajua jinsi siku hizi milango yetu imekuwa mizito. Hatusemi mtu amlaze nyumbani asiyemjua bila kumfikisha kwa viongozi. Lakini kikombe cha maji, neno la kweli juu ya njia, na mtoto wa kumsindikiza mpaka kwa mwenyekiti, hayo hayamfilisi mtu.

Basi, baba na mama, mwana wenu mtu mzima akiomba ruhusa ya safari kama hii, msimjibu upesi kwa "ndiyo" wala kwa "hapana". Mketi naye mezani, mwandike pamoja: saa ya kuondoka, mahali pa kupumzikia, mahali pa kulala, siku ya kurudi. Akishindwa kuyajaza hayo, safari haijaiva. Akiyajaza vema, mpeni baraka yenu na ishara ya Msalaba juu ya paji la uso, mwacheni aende. Naye jioni kengele ikilia, akumbuke kuwaombea waliobaki.