Maleba kwa Simu: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Ekstra wa Handeni na Korogwe

Aliyekuita uwe ekstra yuko Dar es Salaam. Wewe uko Manundu, Korogwe, au Chanika kule Handeni, na nguo utakayovaa imetundikwa kwenye stoo ya watu wa mavazi huko huko mjini. Hakuna mzalishaji atakayekulipia nauli ya kwenda na kurudi ili ujaribishwe suruali kwa dakika tano. Utapimwa kwa simu. Mtu wa mavazi hatakuona wewe, ataona picha zako na namba zako tu. Ukizipamba, siku ya kurekodi suruali haifungi, na watu wote wa seti wanasimama kukusubiri wewe, mtu ambaye hata jina lake halimo kwenye orodha ya wahusika. Basi shika haya.

Pimwa na fundi, usijipime. Ukijipima unainama, na ukiinama kiuno si kile tena. Nenda kwa fundi cherehani yeyote pale sokoni umwombe kifua, kiuno, nyonga, bega hadi bega, mkono, mguu kwa ndani, shingo na mzunguko wa kichwa. Kichwa ndicho husahaulika, halafu kofia inakaa juu kama kifuniko cha sufuria kisicho chake. Kabla hajaanza, kagua futikamba yake. Iliyotumika miaka mingi huwa imevutika. Ilaze kando ya rula ya shule ya sentimita 30, na mistari ikiachana, omba nyingine. Fundi akisema 34, wewe andika "inchi 34". Namba isiyo na kipimo chake ni kazi bure.

Kiuno kipimwe mara mbili. Mara moja kitovuni, mara moja pale unapofungia mkanda siku hizi. Hadithi za zamani zina suruali za kufungwa juu, na mtu wa mavazi akiwa na kipimo cha chini peke yake atakuletea suruali isiyopita kwenye mbavu.

Usipunguze unene kwa mdomo. Hakuna anayekuchumbia.

Mguu uchorwe. Simama juu ya karatasi, mwenzio apitishe kalamu kuzunguka unyayo, upime kisigino hadi kidole kirefu. Namba za viatu vya mitumba hutofautiana kiwanda kwa kiwanda.

Zima kamera ya kulainisha uso. Simu nyingi za bei nafuu huja nayo ikiwa imewashwa tangu dukani. Inakung'arisha rangi, inakuondolea makovu, inakufanya mtu mwingine. Mtu wa mavazi huchagua rangi ya shati kwa kuangalia rangi ya ngozi yako. Ukimpelekea ngozi ya uongo, atakuletea shati la kumfaa huyo wa uongo.

Piga picha nne za mwili mzima: mbele, ubavu, nyuma, na moja umekaa. Iwe mchana, kivulini, ukuta mtupu nyuma yako. Simu iwe usawa wa kifua na mpigaji arudi nyuma, asiishike juu ya kichwa chake maana miguu itafupika. Shika karatasi nyeupe ya daftari kando ya nguo. Udongo mwekundu wa Handeni hurudisha wekundu wake kwenye kila kitu kilicho karibu, na taa ya ndani hutia umanjano. Karatasi ile ndiyo itakayomwonyesha wa Dar es Salaam nyeupe halisi iko wapi. Kisha zitume kama faili, kwa kuwa Wasap ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana mpaka mshono hauonekani.

Usivue nguo mbele ya simu. Hili halina mjadala. Taiti na fulana ya kubana vinatosha kwa kipimo chochote cha mavazi duniani. Anayetaka zaidi ya hapo hatafuti ekstra. Ukipigiwa kwa video, awepo mtu wa nyumbani, na mtoto asipimwe bila mzazi au mlezi kuwepo. Una haki pia ya kuuliza picha zako zitakaa kwa nani na zitafutwa lini: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Na ukiambiwa utume ada ya usajili ili upimwe, hiyo ni "ile hela tuma kwenye namba hii" iliyovaa koti jipya. Ekstra hulipwa, halipi.

Ukiambiwa "njoo na nguo zako", soma mwaka wa hadithi kwanza. Hapa ndipo wengi huharibu, na kwa watu wa Korogwe ni aibu maradufu, kwa sababu historia yenyewe iko nyuma ya nyumba zao. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche ikitoka Florida, na mashamba yakatanda hapa Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na vibarua hao, walioitwa manamba, wakaletwa kutoka mbali, Kigoma, Songea, hata Burundi. Atakayetaka kuigiza maisha yale atahitaji umati, na umati hauigizwi kwa yeboyebo.

Kwa hiyo: kanga ya Urafiki haiingii kwenye hadithi ya 1955, maana kiwanda chenyewe kilianza mwaka 1968. Kanga ya kampeni haiingii popote, hata ukiigeuza ndani nje. Saa ya mkononi vua. Rasta za kuunga fumua, kucha za bandia bandua, na usisuke mtindo mpya baada ya kutuma picha. Kama bibi ana kaniki sandukuni, ipige picha mbele na nyuma, uulize kabla ya kuiosha au kuipiga pasi. Wala usiseme ekstra haonekani. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotoka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inamrudisha mtazamaji Zanzibar ya miaka ya 1950. Mpita njia mmoja mwenye fulana ya Arsenal angetosha kuirudisha leo. Ile *Gandhi* ya 1982 ilikuwa na mazishi yenye umati wa watu wapatao 300,000, na wabunifu wake wa mavazi, John Mollo na Bhanu Athaiya, wakapewa Oscar.

Usiazime shanga za jirani. Tangu 2022 Handeni ina Wamasai wengi zaidi, waliohamia Msomera kutoka Ngorongoro, na baadhi ya watu wanadhani ni duka la maleba. Shanga na shuka zile zina wenyewe. Zinaeleza rika, zinaeleza kama mtu ameolewa. Mzalishaji akitaka Mmasai, amwite Mmasai, amlipe.

Usijitafutie magwanda. Kuvaa sare za jeshi bila idhini ni kosa la jinai, na kisingizio cha sinema hakikuokoi barabarani. Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku 7 wasalimishe mavazi yote ya kijeshi, pamoja na yanayofanana nayo. Sare, hata ya polisi, ni jukumu la mzalishaji mwenye kibali. Wewe jaribu pale seti, vua pale seti.

Epuka mistari myembamba, nembo na nailoni. Mistari hucheza mbele ya kamera, nembo huleta kesi, nailoni hupiga kelele kwenye maikrofoni.

Mzigo ukija kwa basi, ufuate mwenyewe. Wa Korogwe yuko njia kuu, hana udhuru. Wa Handeni aulize mapema kama basi linaingia mjini au mzigo utashushwa Mkata. Akiambiwa umeachwa Korogwe, ajue ana kilomita 65 mbele yake. Fungua mbele ya mtu, piga picha kila kipande, jaribu siku hiyo hiyo, na tuma picha ukiwa umevaa, umekaa, umeinua mikono. Kasoro iseme hapo hapo. Ukikaa kimya hadi siku ya kurekodi, umeikubali.

Usimpe fundi akupunguzie. Pindo libanwe kwa pini, lisikatwe. Nguo ile itavaliwa na mwingine wiki ijayo.

Usifue kabla ya kurudisha. Vumbi unaloliona kolani huenda lilipakwa kwa makusudi na mtu aliyelipwa kulipaka. Kunja, weka ndani ya kiroba, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji, lipia, kisha tuma picha ya risiti ya mzigo pamoja na namba ya basi kabla halijaondoka stendi.