Shangazi, nami nisuke mota kwa alumini?

Mpendwa Shangazi,
Nasuka mota za vinu vya mahindi na pampu za maji hapa Mafubira, Jinja. Wateja walinifuata hata kutoka Iganga na Kamuli. Sasa kuna vijana wanaosuka kwa waya wa alumini na kutoza nusu ya bei yangu, na wateja wananihama. Mke wangu ananishauri nitumie alumini kimyakimya, kwani mteja haoni kilichomo ndani. Nifanyeje?
Fundi, Mafubira

Mwanangu,
Pole sana. Mkeo anaogopa kulala njaa, basi kaeni mpige hesabu pamoja. Lakini ushauri wake usiufuate. Mteja anakuamini kwa sababu haoni. Kumfungia alumini na kumtoza bei ya shaba ni wizi.

Alumini si haramu. Vipo viwanda vinavyotengeneza mota za waya wa alumini. Ila hupitisha umeme takriban asilimia 60 tu ya shaba, hivyo waya wa unene uleule hupata joto zaidi. Nawe unaijua kanuni ya kazi yako: joto likizidi kiwango kwa nyuzi 10, umri wa vanishi na karatasi za ndani hupungua kwa nusu. Mwenye kinu hayajui hayo. Mwambie analolijua: mota ikiungua wakati wa mavuno, mahindi yatapelekwa kwa jirani.

Kisha toa risiti inayotaja aina ya waya, unene wake na muda wa dhamana. Asiyemudu shaba na akataka alumini, msukie, lakini iandikwe.

Tena, usirudishe mota kabla ya kujua iliunguzwa na nini. Fezi moja ikikatika, au beringi ikikwama, hata shaba yako itaungua. Kagua, mfungie mteja kifaa cha kukata umeme mota inapozidiwa, na umtoze kazi hiyo. Hapo ndipo utakapowapita wanaosuka tu.

Tangu bwawa la Owen Falls lizinduliwe mwaka 1954, Jinja imekuwa mji wa viwanda. Wafuate wanaopata hasara mota ikisimama: shule zenye pampu, wasagaji wakubwa, viwanda vidogo. Anayetafuta bei ya chini tu mwache aende, bila kuwatukana vijana wale.

Pengine utapata kazi chache kwa muda, na usikubali hata moja kati ya hizo itoke bila risiti ya kweli.
Shangazi