Usiharibu Dawa ya Hospitali

Mkulima, ng'ombe akiugua kiwele, dawa humponya kwa kuua vijidudu. Lakini pengine kati ya vijidudu hivyo kimo chenye jeni, yaani maagizo ya urithi, ya kukikinga na dawa. Vingine vikifa, hicho hubaki na kuzaana. Tena, jeni nyingine hukaa katika kipete kidogo kiitwacho plasmidi, na kijidudu huweza kumpa jirani nakala yake, hata asiye wa ukoo wake.

Huko China wafugaji walitia dawa ya kolistini katika chakula cha nguruwe ili wakue upesi. Dawa hiyo hiyo madaktari huwawekea wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwaponya. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba jeni ya mcr-1, inayoishinda kolistini, imeonekana katika nguruwe, katika nyama, na kwa wagonjwa hospitalini. Mwaka 2017 China ilikataza kuitia katika chakula cha mifugo.

Basi fanya hivi:
1. Mwite daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa.
2. Fuata kipimo na siku alizoagiza.
3. Usimpe mnyama mzima dawa ili anenepe.

Dawa unayoiharibu bomani huenda kesho ikahitajiwa na mwanao.